Vidato Vinane vya Oiva

Haya ninayoanza kuwasimulia hamtayaamini, na siwalaumu, kwa sababu hata watu wa kijiji chetu cha Lehtoranta walioyaona kwa macho yao bado wanaulizana dukani kama ni kweli. Ni habari ya Oiva Pulkkinen, dereva wa lori la maziwa, umri miaka sitini na mmoja, goti moja la chuma, vidole vinene kama soseji za kuchoma, ambaye kwa wiki nane alijifunza kupanda na kushuka vidato vinane vya sauti kwenye gitaa la besi. Nimekaa naye ndani ya lori lile miaka kumi na tisa, yeye kwenye usukani, mimi kwenye mpira wa kuvuta maziwa. Kwa hiyo msiniletee ubishi. Shule niliiacha mapema, lakini macho sikuyaacha kule.

Oiva ni mkimya. Najua mtasema huku kwetu kila mtu ni mkimya, lakini wakimya nao wana mfalme wao. Tuliwahi kuzunguka mashamba kumi na moja tangu alfajiri hadi saa sita mchana, akasema neno moja tu, nalo lilikuwa "mbweha", tena mbweha mwenyewe alishavuka barabara na kupotelea msituni.

Yale ambayo mdomo wake haukuyasema, miguu yake iliyasema Jumamosi. Kiangazi kikifika na banda la dansi la kando ya ziwa likifunguliwa, Oiva na mkewe Taimi, mpishi wa shule, walikuwa wa kwanza kukanyaga sakafu na wa mwisho kuiacha. Viangazi thelathini na vinne hawakukosa, ukiacha kile alichozaliwa binti yao, na hata hicho walikosa Jumamosi mbili tu. Taimi akicheza tango utadhani hana uzito. Oiva alimshika kama mtu aliyebeba trei ya mayai, na wote wawili walitazama pembeni kwa nyuso za waliofiwa, maana huku ndivyo furaha inavyovaliwa.

Basi Februari, akiteremka kwenye lori katika ua wa shamba moja, akakanyaga barafu. Aliruka angani mita nne nzima. Sawa, alianguka kutoka ngazi ya pili, lakini goti lilisagika vilevile. Hospitalini wakamwekea la chuma, na daktari akamweleza kwamba atatembea, atapanda ngazi, na ikifika vuli ataendesha lori, ila kuuzungusha mwili juu ya mguu ule asahau. Na dansi ni kuzunguka. Oiva aliuliza swali moja, kama goti hilo lingelia kwenye mashine za uwanja wa ndege, akaenda nyumbani. Hajawahi kupanda ndege maishani mwake.

Taimi hakulalamika. Alichukua viatu vyake vya dansi, vile vya soli laini ya ngozi, akavitia kwenye mfuko wa kitambaa, akavipandisha juu kabisa kabatini. Alisema dansi yenyewe ilishaanza kumchosha. Dada yake alipopiga simu kumwita waende pamoja kwenye dansi za majira ya baridi katika ukumbi wa zimamoto, alijibu kwamba ana mapazia ya kushona. Mapazia ya nyumba ile yalikuwa mazima.

Kilichomuuma Oiva kuliko goti kilitokea Jumamosi moja mwanzoni mwa Aprili, saa kumi na mbili jioni. Alikuwa amelala kwenye kochi, mguu juu ya mto. Taimi alisimama dirishani akitazama magari ya majirani yakielekea ukumbini, moja baada ya jingine, na bila mwenyewe kujua alikuwa akihamisha uzito kutoka mguu huu kwenda huu. Gari la mwisho lilipopita, aligeuka, akachukua sufuria safi kutoka rafuni, akaliosha. Angelivunja ukutani, Oiva angelala usingizi. Kuliosha likiwa safi ndiko kulikomkosesha.

Wiki ile ile akaja kumjulia hali Kerttu Ylitalo, na mkate mtamu wa iliki chini ya kwapa. Kerttu ndiye mwenye bendi. Ana miaka sabini na minne, alikuwa mtu wa posta, anapiga kodiani, na mwanamume yeyote aliye chini ya miaka themanini humwita kijana. Akakaa, akanywa kahawa, akaeleza kwamba Reino, mpiga besi wake, amehamia Uswidi kwa binti yake na gitaa ameliacha kwenye gari la bendi. Sasa mpwa wake Kerttu ameahidi kumletea kisanduku cha umeme kinachopiga besi chenyewe, hakichoki wala hakilewi.

Oiva akaweka kikombe chini.

"Nitapiga mimi," alisema.

Taimi alimimina kahawa mpaka ikajaa kisahani. Kerttu akavitazama vile vidole kwa muda mrefu, kama mtu anayekagua kifurushi kisicho na anwani.

"Wewe kijana, umewahi kupiga kitu gani zaidi ya honi?"

"Kantele ya bibi."

Kantele ni chombo cha kulaza mapajani, nacho cha bibi yake kilikuwa kile kidogo cha nyuzi tano. Kila mtoto huku amekigusa, kama vile kila mtoto ameonja theluji. Kerttu akapumua puani. Sababu yenyewe Oiva hakuitaja, hata kwangu hakuitaja mpaka vuli, lakini ilikuwa wazi kama maziwa. Taimi hatakwenda dansini bila yeye. Lakini mpiga besi mwenye goti la chuma hawezi kubeba spika wala kuendesha gari hadi ziwani. Lazima mtu ampeleke, akae naye, amrudishe. Na miguu ya Taimi ikikaa saa nne karibu na sakafu ile, huenda ikamshinda mwenyewe.

Kerttu hapendi huruma kwenye muziki. Akaweka sharti: wiki moja kabla ya kufungua banda, Oiva ampigie ngazi ya meja, ile ya do-re-mi ambayo watoto wa kwaya huipata kabla ya meno ya pili, kutoka do ya chini hadi mdogo wake wa juu, kisha arudi, kwa mwendo wa mtu anayetembea, na kila sauti isimame peke yake. Ikishindikana, kisanduku. Oiva akauliza kwa nini aanze na ngazi ya furaha wakati nyimbo zetu karibu zote ni za huzuni. Kerttu akamjibu kwamba mtu hawezi kusikitika vizuri kama hajui alikuwa na nini.

Ndivyo gitaa la Reino lilivyoingia chumbani kwa Oiva. Spika ilibaki stoo ya bendi, lakini Kerttu alimfundisha ujanja wa zamani: ukikaa karibu na kabati na kuegemeza kichwa cha gitaa kwenye mlango wake, ubao wote unaimba. Kabati la nyumba ile ni la msonobari, zito, la enzi za baba yake Oiva. Alipoupiga uzi wa kwanza, hanga zote za nguo zikatetemeka, na mimi niliyekuwa nyumbani kwangu ng'ambo ya barabara niliona barafu ya ziwani ikipasuka kutoka ukingo hadi ukingo. Ilikuwa Aprili, ni kweli, hupasuka kila mwaka, lakini ilikuwa siku ile ile.

Njia yenyewe si ndefu. Kidole cha kati kinashika do. Cha mwisho kinaruka mbele kushika re. Unahamia uzi wa pili: cha shahada mi, cha kati fa hapo hapo ubavuni, cha mwisho so. Uzi wa tatu: cha shahada la, cha pete ti, na cha mwisho kinamalizia do, tena hizo mbili zimebanana kama watu wawili kwenye benchi fupi. Nyuzi tatu, sauti nane. Taimi aliichora kwenye karatasi ya ratiba ya chakula cha shule, nyuma ya Alhamisi ya supu ya njegere.

Siku za mwanzo Oiva alifika so akasimama. Si kwamba vidole vilichoka. Kantele ya bibi ilikuwa na nyuzi tano, kwa hiyo dunia yake iliishia hapo. Do, re, mi, fa, so, halafu mkono ulitulia pajani kwa amani, kama mtu aliyefika kwake na kuvua buti. La, ti na ile do ya juu zilikuwa nyumba ya jirani, na yeye si mtu wa kuingia kwa jirani bila kualikwa. Ilimchukua siku tisa kupita kizingiti kile. Nilipokwenda kumtembelea alinionyesha, uso umemtoka jasho, akapiga zote nane. Nikamwambia kwamba mimi utotoni niliipiga hiyo kwa mguu. Akaniambia nimletee huo mguu.

Mwanzoni mwa Mei Kerttu akaja kusikiliza. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda, mkoba magotini, na Oiva akapanda hadi juu, akashuka hadi chini, bila kukosea hata sauti moja. Alipomaliza, kabati liliendelea kuguna peke yake.

"Kijana," alisema Kerttu, "hiyo ni supu ya njegere. Kila kitu kimo, na hakuna kinachoonekana."

Akamweleza kosa. Hazimi sauti. Anapiga re, lakini do bado inalia chini yake. Anapiga la, na so iko pale pale inang'ang'ania. Kwenye kabati ni vurugu ndogo, lakini kwenye spika, juu ya sakafu ya mbao yenye watu, besi ndiyo inayoiambia miguu ikanyage wapi. Sauti zikilaliana, wachezaji mia moja watajikwaa pamoja. Akamwachia wiki tatu, akaondoka.

Hapo ndipo palipokuwa na jiwe. Mpiga gitaa wa kawaida angejirekebisha kwa siku mbili. Lakini kantele haizimwi. Unagusa uzi, unauacha, na sauti inakwenda mpaka inapotaka kwenda yenyewe, wala mkono wa mtu hauna kazi hapo. Bibi yake Oiva, mwanamke wa dini aliyezika watoto watatu, alimpiga kofi vidoleni kila alipoweka kiganja juu ya nyuzi. Alimwambia sauti hainyongwi, inasubiriwa. Oiva alikuwa na miaka sita. Sasa ana sitini na mmoja, na kila akitaka kuinua kidole ili sauti ife, kidole kinakataa. Anajua anachotakiwa kufanya. Mkono ndio una bibi ndani yake.

Alijaribu wiki nzima. Alifunga kitambaa kwenye nyuzi, zikatoa sauti ya mtu anayekohoa ndani ya blanketi, akakifungua. Alijaribu kuhesabu, akajikuta anahesabu vizuri na kupiga vibaya. Jumatano akalisukuma gitaa chini ya kitanda, akaenda kuchanja kuni ambazo zilikwisha kuchanjwa. Alhamisi hakuligusa. Aliona wazi picha ya kile kisanduku kikikaa jukwaani, na yeye kwenye kochi, na Taimi dirishani kiangazi kizima.

Ijumaa, Taimi aliporudi kutoka shuleni, alilitoa gitaa chini ya kitanda mwenyewe, akalifuta vumbi kwa aproni, akampelekea jikoni. Jikoni kulikuwa na kabati la vyombo. Akamwambia aegemeze hapo.

"Vyombo vitavunjika," alisema Oiva.

"Piga wewe."

Akapiga. Vikombe vikaimba. Taimi alisikiliza hadi mwisho akiwa amekunja mikono, halafu akavua slipa, akabaki na soksi za sufu.

"Mzee wangu, unatembea bila kunyanyua miguu," alisema. "Tazama huku chini. Achana na vidole vyako, huvijui wewe. Miguu yangu unaijua."

Akasimama karibu na jiko. Oiva akapiga do, na Taimi akaweka mguu wa kushoto. Akapiga re, akaweka wa kulia, na wakati ule ule kisigino cha kushoto kikanyanyuka sakafuni. Akabaki hivyo, kisigino hewani, akisubiri, mpaka Oiva alipoelewa na kunyanyua kidole. Mi. Kisigino cha kulia. Fa. Alikwenda nyuma, kama wanawake wanavyokwenda kwenye tango, kutoka jikoni kuelekea dirishani, na kila kisigino kilipoinuka kidole cha Oiva kiliinuka nacho. Sauti ya nyuma ilikatika, ikabaki nafasi ndogo safi, halafu ikaingia nyingine. Sauti haikunyongwa na mtu. Mguu tu ulikuwa umeondoka pale uliposimama, kama miguu yote inavyofanya.

Walipofika do ya juu, mgongo wa Taimi uligusa dirisha. Wakarudi. Njia ya kurudi alikuja mbele, akimtazama, jambo ambalo hawakuwahi kulifanya dansini kwa miaka yote ile, maana pale watu hutazama pembeni.

"Tena," alisema Taimi.

Walirudia mpaka viazi vikaungua. Oiva aliona kwamba mkewe alikuwa anahema kidogo, na mashavu yamemwiva, na kwamba tangu Februari hii ndiyo mara ya kwanza miguu ile imekwenda mahali bila kuwa na kazi ya kufanya huko.

Mtihani ulifanyika bandani kwenyewe, huku watu wakifagia majani ya mwaka jana na kubadilisha mbao mbili zilizooza. Oiva alipiga kupanda na kushuka, mara tatu, kwenye spika kubwa. Kerttu alifumba macho. Alipoyafumbua alisema, "Inafaa," neno ambalo kwa mara ya mwisho alilitumia kwa mume wake marehemu. Kisha akamwonyesha jinsi ya kushusha mi nusu hatua, na ngazi ile ile ikageuka ya huzuni, tayari kwa kazi.

Jumamosi ya kufungua banda jua lilikuwa kali hata saa moja jioni, na mbu wachache. Taimi aliendesha, akabeba spika, akaunganisha nyaya. Alikuwa amevaa gauni la bluu, na kwenye mkoba wake mfuko wa kitambaa ulikuwa unachungulia. Oiva aliuona, akageuza macho haraka, kama mtu aliyeona ndege kwenye kiota na hataki aruke.

Taimi akakaa kwenye benchi la wanawake. Taa ya ukutani ikaonyesha zamu ya wanaume kuwaomba wanawake dansi. Bendi ikaanza na valsi, watu wakajaa sakafuni, na Oiva akapiga do yake na so yake, na chini yake miguu ya wilaya nzima ikakanyaga mahali alipowaambia. Alipaswa kufurahi. Lakini wimbo ulikwisha, ukaja mwingine, ukaja wa tano, na hakuna aliyekwenda mbele ya Taimi.

Hilo Oiva hakulipigia hesabu. Wanaume wa Lehtoranta si wabaya. Ni adabu zao tu. Kwa viangazi thelathini na vinne Taimi alikuwa wa Oiva sakafuni, na sasa Oiva mwenyewe yuko pale juu anawatazama, goti la chuma na kila kitu. Nani angekwenda kumwinua mke wake mbele ya macho yake? Walimpita wakiinamisha vichwa kwa heshima, wakachukua wengine. Kila heshima yao ilimkalisha Taimi zaidi. Alikuwa amekwishavaa viatu. Amekaa wima, mikono juu ya mkoba, anatabasamu kwa watu wanaopita.

Oiva angeweza kuacha kupiga na kushuka kuwaambia. Lakini angewaambia kwa neno lipi, yeye? Na akiacha, sakafu yote inasimama. Vidole vikaendelea kupanda na kushuka. Alikosea mara moja, Kerttu akamtupia jicho. Ndipo Oiva akafanya kitu ambacho hajawahi kufanya hadharani: aliacha kutazama pembeni. Alimtazama mkewe usoni, moja kwa moja, kupitia watu wote, kama siku ile jikoni. Taimi akamwona. Hakutikisa kichwa, hakufanya ishara. Alitazama tu.

Taa ikabadilika. Zamu ya wanawake. Kerttu akatangaza tango.

Taimi aliweka mkoba kwenye benchi, akasimama, akavuka sakafu nzima kwa viatu vile, na mbele ya Pentti, mwalimu mstaafu wa hesabu, mtu mrefu mwenye aibu, akainamisha kichwa. Pentti alitazama jukwaani kuomba ruhusa. Oiva akampigia do. Wakaingia. Taimi alirudi nyuma mbele ya jukwaa, na kila kisigino chake kiliponyanyuka, kidole kilinyanyuka nacho, na nawaambieni, haijawahi kusikika besi safi namna ile kaskazini yote, watu waliacha kucheza wakajipanga ukutani kutazama, na Taimi hakukaa tena, alicheza nyimbo ishirini na nne mfululizo, na Kerttu machozi yakamtiririka juu ya kodiani mpaka vitufe vikaanza kutele...

"Mbili," anasema Oiva kutoka upande wa pili wa meza, ambako namsomea kurasa hizi. "Ukiombwa ni nyimbo mbili, halafu unarudishwa kwenye benchi, hata wewe unajua. Na kwenye ya pili nilikosea fa."